Duka Lisilo na Mlango

Yamkini umepata kushika kiondo cha katani kilichosukwa na akina mama wa Ukambani, ukakigeuza huku na huku kutafuta uzi ulipoanza na ulipoishia, usiuone. Jirani yangu mmoja ni fundi wa kazi hiyo. Kwa muda wa miaka mitatu aliuza viondo vyake kwa njia ya simu ya mkononi, katika ukurasa aliofunguliwa na mpwa wake ndani ya mtandao mmoja mkubwa wa ng'ambo. Alipiga picha kila kiondo kikiwa juu ya mkeka, mbele ya nyumba yake, asubuhi jua likiwa bado pole; na watu wa Nairobi na Mombasa, hata wa Ulaya, walimwandikia na kununua. Siku moja aliamka akakuta ukurasa umefungwa. Hakuambiwa kosa lake. Aliandika kuuliza, akajibiwa na mashine maneno yale yale mara tatu. Picha zilipotea, na majina ya wanunuzi wake wote yakapotea pamoja nazo, kwa maana hakuwa ameyaandika mahali pengine popote. Jioni ile alikuja kwangu, akaketi, akaniuliza, "Mwalimu, duka langu limekwenda wapi?"

Nilitafuta neno la kumtuliza nisilipate, kwa sababu ukweli ulikuwa mchungu: duka lile halikupata kuwa lake hata siku moja. Alikuwa amekaa katika kibanda ndani ya soko la mtu, kwa masharti asiyoyajua, na mwenye soko alikuwa amefunga lango.

Swali la mama yule ndilo lililonifanya niitazame upya historia ya biashara hii mpya, ambayo mimi huiita biashara ya duka lisilo na mlango. Wengi huisimulia kana kwamba ni habari ya matajiri wachache wa Marekani na mali zao. Mimi nataka tuifuate kwa njia nyingine, nawe uniandame ukiuliza kila mahali tutakapofika: je, mwenye duka alijua nini, na kwa kujua kwake au kutojua kwake, nani alishika ufunguo?

Tuanzie nyumbani. Reli kutoka Mombasa ilipofika ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901, maduka ya mabati yalikuwa yamekwisha kuchipuka kandokando yake. Mengi yalikuwa ya Allidina Visram, aliyetoka Kutch katika Bara Hindi akiwa kijana mdogo, akaanza maisha ya biashara Bagamoyo, na alipofariki mwaka 1916 jina lake lilijulikana Afrika Mashariki yote. Shule moja ya sekondari mjini Mombasa yaitwa kwa jina hilo hata leo. Vijana walioajiriwa katika maduka ya namna ile aghalabu walilipwa kidogo, walakini walikuwa wakijifunza. Walijifunza kuandika daftari la hesabu, kupima, kujua bidhaa hutoka wapi na kwa bei gani, na kumtofautisha mdeni mwema na mdeni mbaya. Aliyekwisha kuyajua hayo aliweza siku moja kumuaga tajiri wake na kufungua duka lake mwenyewe. Asiyeyajua aliendelea kufagia na kubeba magunia, hata kama alikuwa na nguvu kuliko wenziwe.

Wazo la kuuza bila mlango nalo si la jana. Mwaka 1872, mjini Chicago, Aaron Montgomery Ward alichapisha karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163 pamoja na bei zake, akaipeleka kwa wakulima wa mashambani. Wakulima wale walikuwa wamechoshwa na duka moja la kijijini ambalo mwenyewe alitaja bei aitakayo. Sasa waliweza kuandika barua, kupeleka fedha, na kungoja mzigo uje kwa gari la moshi. Shida ilikuwa moja, nayo ipo mpaka leo: nani atamwamini mtu asiyemwona? Ward alijibu mwaka 1875 kwa kuahidi kumrudishia fedha zake mnunuzi asiyeridhika. Ahadi hiyo ilikuwa sehemu ya ufundi wa duka lile, sawasawa na karatasi na stempu.

Mashine ziliingia baadaye. Mwaka 1979 Mwingereza Michael Aldrich aliunganisha televisheni ya nyumbani na kompyuta kwa waya wa simu, hata mtu akaweza kuagiza vitu akiwa ameketi sebuleni. Mwaka 1984, katika mji wa Gateshead kaskazini mwa Uingereza, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 72 alitumia televisheni yake kuagiza majarini, mayai na chakula cha asubuhi, akaletewa mpaka nyumbani. Ulikuwa mpango wa kuwasaidia wazee, nao ulikuwa mpango mwema. Lakini mitambo yake ilikuwa mali ya makampuni na ya baraza la mji. Mchuuzi mdogo hakuwa na nafasi ndani yake.

Nafasi ya mchuuzi mdogo ilifunguliwa na mtu ambaye hakuwa akifikiria habari za biashara hata kidogo. Tim Berners-Lee, Mwingereza, alikuwa akifanya kazi katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, nchini Uswisi. Wataalamu wa kituo kile walitoka nchi nyingi, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, na maandishi yao yalitawanyika yasipatikane kwa urahisi. Mwaka 1989 aliandika shauri la kuyaunganisha maandishi hayo ili mtu aweze kuruka kutoka moja hadi jingine. Kufika mwisho wa mwaka 1990 alikuwa amekwisha kutengeneza kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kusomea kurasa, pamoja na seva ya kwanza, yaani kompyuta inayozitunza kurasa na kuzitoa kwa kila anayeziomba. Mwaka 1991 watu wa nje walianza kuvitumia. Hiyo ndiyo wavuti.

Ningependa ukumbuke tarehe moja katika insha hii, hata kama utasahau nyingine zote: tarehe 30 Aprili 1993. Siku hiyo CERN ilitangaza kwamba ufundi wa wavuti ni wa watu wote, mtu yeyote autumie bila malipo na bila kuomba ruhusa. Laiti wangeamua kutoza ada kwa kila ukurasa, jirani yangu asingepata hata hicho kibanda cha kufungiwa.

Yafaa sasa tusimame kidogo tutazame ufundi wenyewe, kwa maana watu wengi huuogopa kabla ya kuuona. Lugha ya kurasa huitwa HTML. Ukitaka kuandika ukurasa, waandika maneno yako kama uandikavyo barua, kisha kila sehemu waitia alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, zilizo ndani ya mabano yenye pembe. Alama hizi zasema, hiki ni kichwa cha habari. Hizi zasema, hii ni aya. Na hizi zasema, hapa msomaji akibonyeza apelekwe ukurasa fulani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeweza vitenzi vya Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vyote, amekwisha kushinda jambo gumu kuliko hili.

Sisemi kwamba haina mitego. Mimi nilijifunza nikiwa chuo cha ualimu, katika chumba chenye kompyuta chache na wanafunzi wengi. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa juu ya habari za kijiji chetu, nami nilijivunia sana maneno yangu. Kumbe nimesahau kufunga alama ya kichwa cha habari. Ukurasa mzima, tangu juu hadi chini, ukawa kichwa cha habari kimoja, herufi kubwa nyeusi kama tangazo la mnada. Wenzangu walicheka hata mkufunzi akaja kutazama. Nilitafuta kosa nusu saa. Lilikuwa alama moja ya mkwaju, kistari kidogo kilicholala upande.

Jambo moja liliwasaidia sana wanafunzi wa kwanza wa ufundi huu. Vivinjari vilimruhusu msomaji kuufunua ukurasa wowote na kuyaona maandishi yaliyoujenga. Ni kana kwamba ungeweza kukifumua kiondo chochote sokoni, ukaona kila fundo, kisha ukakirudisha mahali pake kikiwa kizima na mwenyewe asikasirike. Maelfu ya watu walijifunza hivyo, bila shule na bila mwalimu. Tena mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic, ambacho kiliweka picha katikati ya maneno. Hapo ndipo wavuti ilipoanza kufaa kwa duka, kwa maana nani atanunua kiondo kwa kusimuliwa tu?

Basi mauzo yenyewe yalianza lini? Wapo wanaodai kutangulia, lakini siku inayotajwa sana ni tarehe 11 Agosti 1994. Kijana wa miaka 21, Dan Kohn, pamoja na wenziwe walikuwa na duka dogo la mtandaoni lililoitwa NetMarket, katika mji wa Nashua, jimbo la New Hampshire. Siku hiyo rafiki yake aliyekuwa Philadelphia alinunua diski ya muziki ya mwimbaji Sting kwa dola 12 na senti 48, mbali na gharama ya kuipeleka. Kuuza diski ya muziki si ajabu. La ajabu ni kwamba namba ya kadi ya benki ya mnunuzi ilisafiri katika mtandao ikiwa imefungwa kwa maandishi ya siri, na mwizi ambaye angeinasa njiani asingeambulia kitu.

Maandishi ya siri ya namna hii yana werevu wake, nami napenda kuyaeleza hivi. Fikiri muuzaji ana kufuli nyingi sana, zote zikiwa wazi, naye huzigawa bure kwa kila mtu. Mnunuzi huweka fedha zake sandukuni, akalifunga kwa kufuli mojawapo, akalituma. Tangu hapo hata yeye aliyelifunga hawezi kulifungua. Ufunguo ni mmoja tu, nao haujapata kutoka mfukoni mwa muuzaji. Katika mauzo yale ya mwaka 1994 mnunuzi ilimpasa kutafuta programu maalumu ili apate kufanya hivyo. Kufika mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilikuwa imeutia ufundi huo ndani ya kivinjari chenyewe. Kwa miaka mingi mwenye duka alilazimika kununua cheti cha kuthibitisha kufuli yake. Lakini tangu mwaka 2015 Let's Encrypt, ambayo huendeshwa na shirika lisilotafuta faida, hutoa vyeti hivyo bure. Ukiona duka la mtandaoni ambalo anwani yake haina ulinzi huo, usiingie, na likiwa ni lako, ona haya.

Mwaka huo wa 1995 ndipo njia zilipogawanyika, nami naomba uzitazame vizuri njia hizo, kwa kuwa jirani yangu alipotelea hapo.

Njia ya kwanza ni ya soko kubwa. Amazon ilifungua duka lake la vitabu mtandaoni mwezi wa Julai 1995, na miezi miwili baadaye Pierre Omidyar, aliyejiandikia programu yake mwenyewe, alifungua mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Mnadani kwake kila mtu aliweza kuuza. Mwezi wa Novemba 2000 Amazon nayo iliwaruhusu wauzaji wengine waweke bidhaa zao katika kurasa zake. Faida ya njia hii ni kubwa, wala nisiifiche: sokoni wapitao ni wengi, na mgeni asiyekujua atakuona kwa sababu amekuja kutafuta wengine. Hasara yake ni kwamba mnunuzi ni wa soko. Anwani yake yaandikwa katika daftari la mwenye soko, ushuru wapangwa na mwenye soko, na siku akikuchukia, au mashine yake ikikosea tu, wewe huna pa kushtaki.

Njia ya pili ni ya kupanga nyumba nzima. Paul Graham na Robert Morris walitaka kwanza kuwajengea wenye nyumba za sanaa kurasa za kuonyeshea picha zao. Wenye nyumba za sanaa hawakutaka. Ndipo mwaka 1995 walipotengeneza programu iliyoitwa Viaweb. Mwenye duka hakuwa na haja ya kujua HTML wala kuwa na seva. Alifungua kivinjari, akajaza majina ya bidhaa na bei, na duka likasimama. Mwaka 1998 kampuni ya Yahoo iliinunua Viaweb kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 49 hivi. Wenye maduka waliokuwa ndani yake walihamishwa pamoja na nyumba, kama wapangaji wahamavyo mikononi mwa tajiri mpya. Wengi hawakupata dhara. Lakini hawakuulizwa.

Njia ya tatu ni ya kujenga mwenyewe, nayo ina kisa kinachonipendeza kuliko vyote. Tobias Lütke, kijana Mjerumani aliyehamia Kanada, alitaka kuuza mbao za kuteleza juu ya theluji. Mwaka 2004, akiwa Ottawa pamoja na mwenziwe, alizijaribu programu za maduka zilizokuwapo, zote zikamchosha. Kwa kuwa alijua kuandika programu tangu utotoni, aliketi akajiandikia duka lake, liitwalo Snowdevil. Alitumia Ruby, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto, na juu yake kiunzi kiitwacho Rails, kilichokuwa kimetolewa bure mwaka ule ule na David Heinemeier Hansson wa Denmark. Muda si muda wenye maduka wengine wakawa wataka programu yake kuliko watu walivyotaka mbao zake. Mwaka 2006 yeye na wenziwe waliifungua kwa wote kwa jina la Shopify. Twaona hapa kinyume cha kuchekesha: aliyekataa kupanga nyumba ya watu amekuwa mwenye nyumba kwa watu wengi sana.

Usidhani kwamba njia hiyo ya tatu ni ya wazungu wa nchi za theluji peke yao. Mwaka 2003 ilitolewa programu huru ya kuandikia kurasa iitwayo WordPress. Huru maana yake ni kwamba mtu yeyote aweza kuichukua bila malipo, kuyasoma maandishi yake ya ndani, kuyabadili, na kuiweka katika seva aitakayo. Mwezi wa Septemba 2011 kampuni iliyokuwa na makao yake Cape Town, Afrika Kusini, iliongeza juu yake sehemu ya duka, ikiwa imeanzia kwenye kazi huru iliyokuwapo na kuiendeleza. Sehemu hiyo huitwa WooCommerce, nayo imeenea dunia nzima. Mwuza mvinyo wa Ufaransa na mwuza kofia wa Kanada waweza kuwa wanauza kwa ufundi uliotengenezwa chini ya Mlima Meza.

Na sisi Kenya? Sisi tulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza kilikuwa njia. Kwa miaka mingi mawasiliano yetu ya intaneti yalipitia satelaiti, yakawa ya polepole na ya ghali. Kufungua picha moja kulimpa mtu nafasi ya kunywa chai. Mwaka 2009 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, SEACOM na TEAMS, na hii ya pili yatokea Fujairah katika Ghuba. Sisi watu wa pwani tumezoea kupokea mambo kutoka upande ule: hapo kale yalikuja kwa jahazi na upepo wa kaskazi, safari hii yakaja kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo.

Kikwazo cha pili kilikuwa malipo. Maduka ya Marekani yalisimama juu ya kadi ya benki, na watu wetu wengi hawakuwa na akaunti ya benki, sembuse kadi. Hapa tuliwatangulia wengi. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007, ikamwezesha mtu kutuma fedha kwa simu ndogo kabisa. Mwaka 2013 ilikuja Lipa na M-Pesa kwa wafanyabiashara. Kisha mwaka 2017 Safaricom ilifungua mlango uitwao Daraja, ambao kwa huo mwandishi wa programu aweza kuliunganisha duka lake na M-Pesa bila mtu katikati: mnunuzi huandika namba yake ya simu katika ukurasa, simu yake huuliza namba ya siri, naye akikubali, duka hupata habari papo hapo. Mambo yaliyomtaka Dan Kohn maandishi ya siri na programu maalumu, mwanafunzi wa Kisii au wa Malindi aweza kuyafanya kwa simu mfukoni.

Basi nilipokaa na jirani yangu na mpwa wake, wakati wa likizo ya Desemba, sikuwafundisha mambo mengi. Tulianza na jina. Majina ya intaneti, yale yanayoishia na herufi ke kwa nchi yetu, yamekuwapo tangu mwaka 1993. Hulipiwa ada kila mwaka, na aliyeandikishwa ndiye mwenyewe. Nilisisitiza aandikishwe yeye mama kwa jina lake, si mpwa wala mimi wala fundi yeyote, kwa maana nimeona zaidi ya mfanyabiashara mmoja aliyegundua, siku ya ugomvi, kwamba jina la duka lake limeandikishwa kwa fundi aliyelijenga. Mwenye jina aweza kuhama na seva, akahama na programu, na wanunuzi wakamfuata kwa anwani ile ile. Kati ya vipande vyote vya ufundi huu, mimi naona hicho ndicho kiwanja chenye hati. Vingine ni kuta na mapaa.

Baada ya jina tulitafuta seva ya kupanga kwa bei ndogo, tukaweka WordPress na sehemu ya duka. Mpwa alijifunza HTML kwa siku mbili, akanishinda. Mama alijifunza kupunguza ukubwa wa picha ili zifunguke upesi hata kwa simu dhaifu, na kuandika maelezo ya kweli: urefu, upana, rangi ya mmea au rangi ya dukani. Alikataa kuandika kwamba kila kiondo ni tofauti duniani, kwa kuwa, alisema, viwili vya mwezi uliopita vilifanana kabisa. Tuliandika pia ahadi ya kurudisha fedha, kama ya Ward. Tuliweka daftari la wanunuzi, na hapo nikawaambia habari za Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwamba majina na namba za watu ni amana, hazitolewi wala haziuzwi.

Ilikuwa kazi ya wiki tatu, na wiki mbili zilizofuata hakuja mtu. Hili lazima nikuambie, msomaji, kwa maana wauzao mafunzo ya duka la mtandaoni hulinyamazia. Duka lako mwenyewe haliko sokoni. Liko mwisho wa njia ambayo bado haina unyayo. Ilimpasa mama kuwapigia simu wanunuzi wa zamani aliowakumbuka, kuandika anwani mpya katika kijikaratasi na kukifunga kwenye kila kiondo alichouza kwa mkono, na hata kufungua tena kibanda katika soko lile la ng'ambo, safari hii kwa ajili ya kuwaelekeza watu kwake. Sikumlaumu kwa hilo. Allidina Visram naye hakukataa kusimama kwenye kituo cha reli kwa sababu reli haikuwa yake.

Wiki ya sita, siku ya Jumanne, mtu wa Nakuru aliagiza viondo viwili vya ukubwa wa kati. Fedha zilikuwa katika simu kabla mama hajamaliza kusoma habari yenyewe. Alichukua daftari la shule, akaandika kwa kalamu jina, namba na tarehe, ingawa kompyuta ilikuwa imekwisha kuandika yote hayo.

Jioni alipita kwangu kunipa habari. Nilimuuliza kwa mzaha, "Mama, na hili nalo wakilifunga?" Hakucheka. Alifungua fundo lililokuwa katika pindo la leso yake, pale ambapo akina mama hufunga fedha za sokoni, akanionyesha flashi ndogo nyeusi. Mpwa wake humnakilia humo duka zima kila Jumapili, picha, bei na majina ya wanunuzi. Kisha akalifunga fundo lake, akalivuta kwa meno likaze, akaenda zake kuanika katani.